Bwana Mkubwa na Karatasi ya Siku Saba

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake ni kwamba anayemchimbia mwenzake shimo asishangae akijikuta yeye ndiye aliye chini. Wengi huitamka methali hii wakicheka. Mimi sicheki, kwa kuwa kuna watu ambao hata baada ya kutumbukia bado huomba kamba kwa yule yule waliyetaka kumzika.

Mmoja wao alikuwa mchora vibao vya maduka. Nyumbani walimwita Bwana Mkubwa, maana ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa. Mama yao alipofariki, aliiacha nyumba ya ukoo mikononi mwa wanawe wawili. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndimo alimoshonea nguo dada yake, fundi cherehani mwenye watoto wawili. Bwana Mkubwa alikitaka kwa ajili ya rangi na mabati yake. Aliponyimwa, dada aligeuka mgeni siku hiyo hiyo.

"Umefanana na nani humu ndani?" alimfokea mbele ya wateja. "Mama alikwenda hospitali ya mbali akarudi nawe. Wewe uliokotwa!"

Basi akaanza kufukua nasaba. Alipekua barua za marehemu, akanakili majina yaliyokuwa nyuma ya bahasha, akawapigia simu watu asiowajua ambao babu yao na babu yake walikuwa ndugu. Wengine walifurahi mno kupata jamaa, wakauliza hali za watoto. Yeye hakuwa na haja na salamu zao. Alitaka mtu mmoja tu, shahidi, na mwezi wa nne wa msako akampata: shangazi mmoja, binamu wa marehemu baba yao, mkunga mstaafu aliyemhudumia mama yao mara zote mbili.

"Mwanangu, jambo hili tuzungumze wawili kwanza," shangazi alimsihi kwenye simu.

"Hapana, shangazi. Njoo useme mbele ya watu wote."

Kabla hajafika, Bwana Mkubwa aliandika karatasi: asiye damu ya ukoo huu ahame ndani ya siku saba. Alitia sahihi ya kwanza. Baba yao mdogo alitia ya pili, macho chini. Dada alimpokonya kalamu. "Lete! Mimi najijua," alisema, akatia yake kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.

Jumapili walikaa sebuleni. Bwana Mkubwa alisimama kama hakimu. "Shangazi, sema. Nani hapa hakuzaliwa na mama?"

"Umenilazimisha," alijibu shangazi. "Huyu binti nilimpokea kwa mikono yangu hii. Wewe ulizaliwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, naye akafariki. Asubuhi ile mama yako alikuwa amempoteza mtoto wake. Alikuchukua, akakunyonyesha, akaniapisha nisimwambie mtu. Hakukubagua hata siku moja. Wewe kubagua ulifundishwa na nani?"

Bwana Mkubwa alinyoosha mkono aichukue karatasi. Dada alimwahi, akaishika yeye.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ndogo, "si tumelelewa pamoja?"

"Leo ndiyo umekumbuka? Miezi minne sikuwa dada!"

"Msamehe, mwanangu," baba mdogo aliingilia. "Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, baba mdogo. Wanangu wanaitwa wa kuokotwa shuleni. Nililia humu humu, nanyi mkanyamaza, kisha mkatia sahihi." Alimgeukia kaka yake. "Mimi damu yako singeiuliza kamwe. Ungebaki kaka yangu hadi naingia kaburini. Lakini sheria ni yako, na sahihi ni yako. Siku saba."

Siku ya saba Bwana Mkubwa alipakia makopo ya rangi kwenye mkokoteni peke yake. Alisimama mlangoni kitambo, akisubiri aitwe. Ndani, cherehani iliendelea kulia. Wapo waliosema dada alikuwa na moyo mgumu. Hao hawakuwahi kuambiwa waliokotwa. Bwana Mkubwa hakusukumwa na dada, wala na shangazi, wala na damu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.