Hodi ya Tatu Ubongoni

Hapo zamani za kale, wanangu, tembo walipokuwa bado wanajikwaa wakitembea, palikuwa na mji uitwao Ubongoni, ndani ya kichwa cha mtoto wa tembo. Msinicheke. Kichwa cha tembo ni kikubwa, na wenye mji walikuwa wadogo.

Mji ule ulijaa nyuzi. Tembo akitaka kuinua mguu, amri ilipita kwenye uzi. Uzi mtupu uliipitisha kwa kujikongoja. Uzi uliovikwa mafuta uliipitisha fyuu! Kuvika mafuta ilikuwa kazi ya buibui. Lakini si kila uzi ulitaka kuvikwa. Nyingine zilikuwa bado zinatafuta njia, na uzi ukivikwa kabla haujaijua njia yake, unakwama pale pale.

Basi palikuwa na desturi. Kabla ya kila zamu, buibui alibisha hodi kwenye uzi mara tatu. Uzi ukivuma "karibu", alifanya kazi. Ukinyamaza mara zote tatu, hakuuliza kwa nini. Alikunja miguu yake minane, akajilaza, akafa taratibu, na mafuta yake yakayeyuka. Bi Sisimizi, mfagiaji wa mji, alikuja na ufagio wake akamwondoa.

Mkuu wa mji, Bwana Dundu, mdudu mnene mweusi wa kung'aa, hakuipenda desturi hiyo. Hakuwa mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alipenda mji uliojaa. Akaanza kujibu kwa niaba ya nyuzi. Kila buibui akibisha, Dundu kutoka kitini kwake anaitika "karibu" kwa sauti nene kama ngoma. Ikawa hafi mtu. Mji ukamshangilia, na Bi Sisimizi naye alishangilia, maana somo yake, rafiki yake wa chanda na pete Bi Zingo, buibui mchanga mwenye maneno mengi, alipata kazi kwenye uzi wa mguu wa mbele.

Siku moja, pu! Mji ukatikisika. Mtoto wa tembo alikuwa ameanguka. Alitaka kuinua mguu, yakainuka masikio. Akajaribu tena, ukapinda mkonga. Huko nje vishindo vya mama zake vilikuwa vinakwenda mbali, na simba alikuwa ameanza kunguruma. Ndama akiliwa, mji wote umeliwa.

Bi Sisimizi alikimbia kwa Dundu, akamsihi aache nyuzi zijijibie zenyewe.

"Yaani unataka wenzako wafe?" Dundu akamuuliza. "Hata huyo somo yako?"

Bi Sisimizi akageuka, akatoka. Simba akanguruma tena, karibu zaidi.

Ndipo akawakusanya buibui kumi waliokuwa hawajapata uzi. Akawaambia upo uzi mmoja mnene, mweusi, unang'aa, haujaguswa na mtu, pale barazani kwa mkuu. Wakaenda mbio.

"Hodi!"

"Karibu," akaitika Dundu, macho yamefumba. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Hodi!"

"Karibu."

"Hodi!"

"Karibu, karibuni."

Basi desturi ni desturi. Wakaanza kumvika mafuta kuanzia miguuni. Dundu alipofumbua macho, alikuwa amevikwa hadi kifuani.

"Mnafanya nini nyie?"

"Umetukaribisha mwenyewe, Bwana," wakamjibu, na mafuta yakamfika mdomoni. Sasa hapakuwa na wa kuitika kwa niaba ya nyuzi.

Zamu ya mchana ikaingia. Bi Zingo akaja kwenye uzi wa mguu wa mbele, akamkuta Bi Sisimizi amesimama pale na ufagio.

"Hodi," akasema Bi Zingo. Kimya. "Hodi." Kimya. Akageuka. "Somo, leo mbona haujibu?"

Bi Sisimizi alikuwa na neno lile ulimini. Lilikuwa jepesi, yeye mwenyewe angeweza kulisema. Nje, nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya miguu ya simba. Akauma midomo.

Bi Zingo akautazama ule ufagio. Akaelewa. "Hodi," akasema polepole, kisha akakunja miguu yake mmoja mmoja. "Unifagie wewe, somo. Asinifagie mwingine."

Na wengine waliokosa jibu wakakunja miguu, huku na huku mjini. Mafuta yakayeyuka, nyuzi zikalegea, zikajipinda, zikazipata njia zao. Mtoto wa tembo akainua mguu, na kweli ukainuka mguu. Akasimama. Akakimbia kwa mama zake, simba akabaki anatazama vumbi.

Mji mzima ulitoka kucheza ngoma. Bi Sisimizi hakutoka. Alikuwa anafagia, machozi yanamtoka, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Nanyi, wanangu, mnasimama kwa miguu miwili kwa sababu hiyo hiyo: hata vichwani mwenu, si kila hodi hujibiwa karibu.