Jina la Galaksi Iliyopinda

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, katika uwanda wa Kisale palisimamishwa sahani kubwa za chuma, zimeelekezwa mbinguni. Hazikuwa za kutazama, zilikuwa za kusikiliza, maana ziko galaksi zinazotoa mawimbi ya redio ambayo jicho haliyaoni. Sahani zikiyapokea, kompyuta huyageuza yakawa picha.

Mkuu wa kituo hicho alikuwa Dakta Sikudhani, mwanamke hodari mwenye ulimi mkali. Yeye ndiye aliyetaka sahani zigeuziwe pembe moja ya kusini. Wenzake wakamwambia, "Huko hakuna kitu." Akasema, "Geuzeni." Wakageuza.

Picha ikaja, akaisoma mtafiti mmoja, Kimweri Shekiondo. Ndani yake palikuwa na galaksi. Katikati ya galaksi ya namna ile hukaa shimo jeusi. Linameza gesi, na ile lisiyoimeza hutupwa nje kwa mikondo miwili, mmoja huku, mmoja kule, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Aghalabu mikondo hiyo hunyooka. Hii ilikuwa imepinda, yote miwili, upande mmoja.

Kimweri akatazama, akatazama tena. Siku ya wageni akasimama akasema, "Galaksi hii inakwenda mbio. Inapita katika gesi ya moto, na gesi inaisukuma mikondo nyuma, kama moshi wa kijinga cha moto mkononi mwa mtu anayekimbia."

Ukumbi ulikuwa umejaa, na wazazi walikuwa wamealikwa. Baba yake Kimweri alikaa mstari wa mbele, ametoka Lushoto kwa basi, kavaa koti lake la harusi. Sikudhani alitaka kuwachangamsha wageni. Akasema, "Kimweri, picha imepinda kwa sababu kazi yako imepinda. Nenda kainyooshe."

Watu wakacheka, na Sikudhani akafurahi kwamba wamecheka. Mtafiti mwingine, Nasieku, hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa amezikagua hesabu za Kimweri, na alijua ni sahihi. Akanyamaza.

Hafla ilipokwisha, Mzee Shekiondo akamfuata mkuu, akavua kofia. "Mama, nisamehe kwa kosa la mwanangu. Nyumbani tulimlea vizuri."

"Usijali, mzee," Sikudhani akamjibu, akaenda kunywa chai.

Kimweri aliacha kazi kabla ya mvua za masika, akaenda kufundisha fizikia sekondari kwao Lushoto. Picha ile hakuigusa tena. Nasieku akabaki. Akaomba nafasi kwenye darubini za nchi nyingine, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa. Akaomba tena, akapewa. Miaka ikapita. Gesi ya moto akaiona, mbio za galaksi akazipima, na kila kitu kilikuwa kama Kimweri alivyosema. Akampelekea mkuu wake matokeo.

Sikudhani alisoma, uso ukamwaka. Hakuiona galaksi. Aliona kofia mkononi mwa mzee.

"Watu walishasahau, Dakta," Nasieku akasema taratibu.

"Mzee Shekiondo naye?"

"Alifariki mwaka jana."

Sikudhani akakaa. Mwezi uliofuata wanaastronomia walikutana, naye alitarajiwa kuchaguliwa kuwaongoza wote. Akasimama mbele yao akasema, "Kimweri alikuwa sahihi. Mimi nilikosea, tena nilikosea huku nikichekesha watu." Hawakumchagua. Kisha akapanda basi hadi Lushoto, akamwomba Kimweri radhi huku anatazama sakafu.

Sasa, pale kituoni ilikuwa desturi kwamba mwenye kuigundua galaksi ndiye huipa jina. Baraza la kituo likawaita wote watatu.

Kimweri akasema, "Mimi niliona kwanza. Baba yangu alizikwa akiamini kwamba nilikosea. Nataka iitwe Shekiondo."

Nasieku akasema, "Uliona ukaiacha, kaka. Aliyeona bila kuthibitisha amekisia tu. Mimi niliibeba peke yangu, na mama yangu akanilelea watoto. Nataka iitwe kwa jina lake."

"Siku ile walipocheka, ulijua kwamba sikukosea?"

Nasieku akainama. "Nilijua."

"Neno lako moja lingetosha."



Baraza likamgeukia Sikudhani. "Nawe una haki. Pasipo wewe sahani zisingegeuzwa. Umekiri kosa ambalo hakuna aliyekuwa akikudai, na umelipia kwa cheo."

Sikudhani akasema, "Ni kweli niligeuza, ni kweli nilikiri. Lakini naona haya hata kulitamka jina lolote. Niacheni nje."

Kimweri akamtazama. "Hapana, Mama. Ukijitoa, utaondoka hapa msafi, nasi wawili tubaki tukigombana kwa jambo ulilolianza wewe. Dai haki yako kama sisi, ukataliwe au ukubaliwe mbele za watu."

 Hata toba ya Sikudhani, kumbe, ilikuwa na mlango wa kutorokea. Baraza zima likamngoja.

Nanyi mnaosikiliza, msiliachie baraza peke yake. Yupo aliyeona akaacha. Yupo aliyenyamaza, kisha akathibitisha. Yupo aliyefungua njia, akamwaibisha mwenzake, kisha akajiaibisha mwenyewe. Jina ni moja tu. Je, nani alistahili kulitoa?