Mwanamke Aliyesubiri Kola

Kaeni vizuri, wapendwa, na anayesinzia mwenzake amguse. Leo nimechoka, sitapiga kelele. Nitawapa mfano wa mwanamke mmoja, na msianze kuangaliana, simsemi mtu wa hapa.

Mwanamke huyu aliishi na mumewe miaka ishirini na miwili bila ndoa yao kubarikiwa. Walianza hivi hivi tu, watoto wakaja, miaka ikaenda. Na utaratibu wetu mnaufahamu: ambaye ndoa yake haijabarikiwa, mkate na divai ya meza ya Bwana ataviona kwa macho tu. Basi siku ya meza ya Bwana benchi zima linasimama kwenda mbele, yeye anavuta magoti pembeni kuwapisha. Mawifi wanapita. Watoto wake mwenyewe waliopata kipaimara wanapita. Miaka ishirini na miwili anawapisha watu, jamani.

Siku moja mchungaji akamwambia mumewe, "Njooni Jumatano yoyote jioni, na mashahidi wawili. Hata nusu saa haifiki." Mama akatoa kitenge chake sandukuni siku hiyohiyo, akakipiga pasi.

Lakini mumewe alikuwa mwenyekiti wa kamati za harusi. Harusi kumi na tisa za watu alizisimamia, yake hakuna. Sasa mtu kama huyo ataingiaje kanisani na shati? Akasema lazima avae taksido, ile suti nyeusi ya mabwana harusi yenye kola ya kung'aa. Na kwenye kola ndipo mambo yalipokwama.

Fundi alimwonyesha kola za namna tatu. Moja ina pengo, kama za suti za kawaida. Ya pili ina ncha zinazotazama juu mabegani. Ya tatu haina pengo wala ncha, inazunguka shingo na kushuka mpaka kwenye kifungo. Bwana akachagua ya pengo. Ilipokwisha akajitazama kwenye kioo, akasema anaonekana kama karani. Ikafumuliwa. Akataka ya ncha. Shemeji yake akasema hizo ni za vijana. Ikafumuliwa nayo. Pasaka ikapita, mavuno yakapita.

"Baba Tumsifu," mkewe akamwambia wakiwa mezani, "mchungaji alisema Jumatano yoyote."

"Kuwa na subira, Mama Tumsifu. Unataka watu wanicheke?"

"Watu gani? Mashahidi ni wawili tu."

"Haraka haraka haina baraka," akajibu yule bwana, akarudi kwenye simu yake kutazama picha za kola.

Haraka gani, ndugu zangu, baada ya miaka ishirini na miwili? Methali nazo tunazionea.

Mama hakugomba. Alichoka tu, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Akaanza kukaa mwisho wa benchi ili asiwe njiani kwa watu. Baadaye akawa anabaki nyumbani siku za meza ya Bwana, anasema anamkatia ng'ombe majani. Nani alimuuliza ng'ombe gani huyo anayekula Jumapili tu? Hakuna aliyemuuliza.

Mwaka wa pili ulipoanza, kola ya tatu ikakamilika. Bwana akaingia nyumbani ameivaa, akasimama katikati ya sebule. Na tuseme haki, ilimkaa.

"Mama Tumsifu, tayari. Jumatano twende."

Mkewe alikuwa anachambua maharage. Akamtazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Umependeza, Baba Tumsifu," akasema. "Mimi nilikuwa na njaa ya ile meza. Kuna siku nililia njiani kwa ajili yake. Sasa najitafuta, njaa yenyewe siioni. Kama ni kwenda nitakwenda, kama ni kupiga magoti nitapiga. Ila usidhani umenipeleka."

Najua mlikuwa mnangoja niseme mama alikufa. Hakufa. Walikwenda Jumatano, ndoa ikabarikiwa, picha zikapigwa. Kilichokufa ni kile alichokuwa anakisubiri, na hicho hakizikwi, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Sisi tunadhani anayetusubiri anabaki vilevile tulivyomwacha. Mzee anasubiri umtembelee, wewe unasema nikishaezeka nyumba. Ndugu yako anasubiri neno moja la samahani, nawe unatafuta siku nzuri ya kulisema. Unachagua kola, mpendwa. Mwenzako anaisha.

Na yule mchungaji aliyesema Jumatano yoyote, kisha akakaa ofisini mwaka mzima bila kwenda kugonga mlango wa mama yule, yeye je? Mmemhukumu mume, mchungaji mmemwacha. Mimi nimemuuliza wiki nzima hii kwenye kioo changu, na jibu sijapata.

Simameni tuombe. Lakini kama kuna mtu anakusubiri, usingoje amina yangu. Mlango uko wazi, nenda.