Mdiria na Matanga ya Bi Sikudhani

Zamani sana, watoto wangu, zama za kale zile ndege walipokuwa na nyumba zenye vizingiti na wakiazimana moto na chumvi kama sisi, palikuwa na ziwa lililozungukwa na milima. Jumbe wa ziwa hilo alikuwa Mwari, ndege mweupe, mpana, mwenye mfuko chini ya mdomo wa kutosha kubebea chakula cha ukoo mzima. Mpinzani wake alikuwa Furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe na kucha kali. Wakubwa hawa wawili walikuwa hawakubaliani juu ya jambo lolote. Mmoja akisema mvua imenyesha, mwingine huuliza imenyesha wapi.

Kando ya ziwa, ndani ya tundu la ukingo wa udongo, aliishi Mdiria. Alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani, mwenye manyoya ya buluu na mdomo mrefu. Ukingo ulipobomoka zamani na kuwafukia wazazi wake, alibaki kifaranga asiye na mtu. Aliyemchukua ni Bi Sikudhani, mama yake Jumbe Mwari. Kikongwe yule alimlea kama mjukuu wake wa kuzaliwa, akamfundisha kuvua, na kila Mdiria alipojirusha majini, chubwi, akaibuka mtupu, bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Mdomo tayari unao," alikuwa akimwambia. "Shabaha itakuja tu."

Mwaka mmoja, msimu wa kutaga, ugonjwa uliingia ziwani. Bata wageni walitua wakiwa wamechoka, na mmoja wao akaanza kutokwa makamasi. Shingo ikampinda, akawa anazunguka majini kama mlevi, kisha pu, akalala ubavu asiamke. Ndege wakauita mafua.

Sasa, desturi ya ziwa lile ilikuwa hivi: akifa mmoja, wote hukusanyika. Walikaa matanga bawa kwa bawa, wakinywa maji pamoja, wakichambuana manyoya na kulia kwa sauti moja. Ilikuwa desturi nzuri na waliipenda. Lakini matanga ya yule Bata yalipoanuliwa tu, Heroe, ndege wa rangi ya waridi, wakaanza kuanguka, na miguu yao mirefu ikawa imetapakaa ufukweni kama fito. Wakaliliwa Heroe, wakafuata Mnandi, wale weusi wapiga mbizi.

Mdiria hakuwa amekwenda msibani, maana alikuwa akiatamia mayai. Alipochungulia kutoka tunduni na kufikiri, aliona kwamba wote walioanguka walikuwa wametoka matangani, na waliokosa matanga hakuguswa hata mmoja: yeye, na Kulasitara, ndege wa shingo ndefu, waliokuwa wakivua ng'ambo.

Akaenda kwa Jumbe, akatua mbali kidogo, akamweleza alichokiona. Mwari hakutaka kusikia. Alisema kifo ni amri ya Mungu, na asiyekwenda kumlilia mwenzake, yeye atakuja kuliliwa na nani? Furukombe alikuwapo, na kwa mara ya kwanza akakubaliana na Jumbe. Tena akaongeza kuwa mizoga ile ni chakula cha bure, na mwenye akili hakimbii chakula. Mdiria akarudi kwenye mayai yake.

Hazikupita siku nyingi, Bi Sikudhani akashikwa na mafua yale. Mdiria alipopata habari alikuja mbio, parrr, akitaka kujilaza kifuani pake. Kikongwe akamzuia.

"Kaa hapo hapo kwenye tete," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nakuona vizuri."

Mdiria akakaa kwenye tete. Akamsimulia habari za mayai yake, na za samaki aliyemponyoka asubuhi ile akiwa tayari mdomoni. Bibi akacheka kidogo. Jua lilipopanda, Mdiria alikuwa bado anasimulia, ila kikongwe alikuwa hasikii tena.

Mwari alilia kilio cha kutikisa matete. Akaapa kuwa mama yake atakaliwa matanga ambayo ziwa lile halijapata kuyaona. Ndege wote waje, na wajumbe waende maziwa ya mbali kuwaita wajomba na mashangazi.

Mwito ukamfikia Mdiria. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumlilia Bi Sikudhani kumshinda yeye. Lakini alijua kwamba umati ule ungemaliza ziwa, na wageni wangeondoka na ugonjwa kuupeleka makwao. Ushauri alikwisha kuutoa ukakataliwa. Kilichobaki ni hila.

Akaruka mpaka kwa Furukombe, akamwambia ameumia sana kusikia kwamba bwana mkubwa kama yeye atakaa msibani amebanana na Bata.

"Nikae wapi basi?" akauliza Furukombe.

"Wakubwa wa zamani hawakukaa na umati, Bwana Furukombe. Mfiwa mkuu alikaa mwambani kwake, mbali na watu. Alikula samaki aliyemvua mwenyewe, mzoga hakuugusa. Na rambirambi zake zilipelekwa na mjumbe." Mdiria akajifanya anaondoka, kisha akageuka. "Ila nadhani Jumbe ameshauona ule mwamba wa kule katikati ya ziwa."

Furukombe hakungoja zaidi. Alikunjua mabawa, na kabla Mdiria hajafika kwa Jumbe, tai alikuwa ameshatua kwenye mwamba ule na kutuna.

Kwa Mwari, Mdiria alisema kwa upole kwamba Furukombe amekaa mwambani na anajiita mfiwa mkuu.

"Mfiwa mkuu wa mama yangu?" Mwari akavimba. "Mimi nikiwa hai?"

Mdiria akamwonyesha kisiwa kilicho mbali kuliko ule mwamba. Akamweleza pia kuwa mfiwa mkuu haiti wageni msiba ukiwa mbichi. Wageni huitwa siku ya kuanua matanga, baada ya mvua kubwa. Adhuhuri haijafika, Mwari na watoto wake walikuwa kisiwani, na wajumbe wamerudishwa njiani.

Nanyi mnajua wadogo walivyo kwa kuiga wakubwa. Heroe wakatafuta ghuba yao, Bata wakajificha kwenye matete yao, Mnandi wakahamia ng'ambo. Hakuna aliyetaka kuonekana mtu wa umati.

Mdiria ndiye akawa mjumbe. Hakutua kwa mtu yeyote, alisema yake akiwa hewani na kupita. Furukombe alimtuma akamwambie Mwari kuwa mwamba una upepo mzuri kuliko kisiwa. Mdiria alipofika juu ya kisiwa alisema hivi:

"Furukombe anasema mama yako alikuwa mama wa ziwa zima. Anasema tangu aondoke, maji yamekuwa mapana mno."

Mwari akainamisha kichwa. Kisha akamtuma arudishe shukrani, ambazo Mdiria hakuzifikisha mwambani. Na kila siku Mdiria alileta maneno mengine, na kila siku Mwari aliyangoja.

Ugonjwa ulikosa wa kumrukia. Si wote waliopona. Ziko ghuba zilizonyamaza kabisa msimu ule. Lakini mvua ziliponyesha na kukoma, mayai yaliyosalia yalianguliwa, na ziwa likajaa kelele za vifaranga wanaodai kula.

Siku ya kuanua matanga ndege walikusanyika wakiwa wazima. Mwari akasimama mbele yao, akamshukuru Furukombe kwa maneno yaliyomshika mkono katika msiba wake.

"Maneno gani?" akauliza Furukombe.

Wote wakamgeukia Mdiria. Hakukimbia. Alieleza yote, tangu mwamba hadi kisiwa, na kwamba desturi ya mfiwa mkuu aliitunga mwenyewe.

"Umetuchezea sisi wakubwa," Mwari akasema.

"Nimewachezea, Jumbe."

"Na maneno yale, kwamba maji yamekuwa mapana, yalikuwa ya nani?"

"Yangu," Mdiria akajibu. "Nilikuwa sina pa kuyapeleka."

Furukombe akajikuna shingo kwa ukucha. "Lile la maji kuwa mapana ningelisema, kama ningelifikiria," akasema. "Ila siku nyingine ukitaka kunifanya mwema, niulize kwanza."

Mwari akawaambia ndege wote wapishe njia. Akamwambia Mdiria apite, akae mbele ya wote, aanze yeye kulia. Mdiria akapita, akafungua mdomo wake mrefu, na ziwa zima likamfuata.

Hadithi yangu inatua hapa, na funzo lake ni hili: wakati wa maradhi, kukaa mbali na umpendaye nako ni kumpenda.