Nyati Aliyepewa Kisima kwa Kinywa

"Nina hadithi!"

"Itoe tuione!"

"Haina mkia!"

"Itoe hivyo hivyo!"

"Imejaa uongo!"

"Ndiyo tunayoitaka!"

Haya, kaeni vizuri basi, na wewe uliye nyuma acha kumfinya mwenzako. Nimesikia mmeanza kufundishwa fasihi huko shuleni. Mmeambiwa anayesimulia anaitwa fanani, na wanaosikiliza wanaitwa hadhira. Basi fanani ni mimi na hadhira ni nyinyi, na kazi ya hadhira ni kuitikia. Hadhira isiyoitikia ni magogo, na mimi sisimulii magogo.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Kindwi walipenda vitendawili kuliko chakula. Mvua ikinyesha, wote wanakimbilia pangoni. Jua likiwaka, wote wanakimbilia pangoni. Na wakishakuwa pangoni, mmoja anasema "Kitendawili!" na wengine wanaitikia "Tega!" Wakikijua, wanakitegua. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, nao wanampa mji ndipo awaambie jibu. Wanampa Kilwa, wanampa Tabora, wanampa Lamu yote na minazi yake. Akiukataa mji mmoja, wanampa mwingine mpaka aridhike. Na hakuna anayeinuka alipokaa. Mji unatolewa kwa kinywa, unapokelewa kwa sikio, na kesho yake Kilwa iko palepale na watu wake wanakaanga samaki.

Katika wanyama hao alikuwamo Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa majabalini. Hana mkia, hana pembe, hana hata sauti ya maana. Alikuwa na watoto watatu na alikuwa na kazi mbili azipendazo, kuwaza na kuchora. Akila, anawaza. Akiota jua, anawaza. Akimaliza kuwaza, anachukua udongo mwekundu na kuchora ukutani mwa pango.

Alikuwamo pia Nyati. Huyu alijaliwa nguvu na tumbo, lakini alichokitamani ni kuonekana msomi. Akipita, gudu, gudu, gudu, alitaka wanyama wanong'one kwamba yule pale ndiye Nyati mwenye elimu yake. Kuchekwa ndiko alikokuwa hakuwezi kabisa. Hata nzi akimlilia sikioni, alidhani anasengenywa.

Sasa msomi huyu alikuwa na kasoro moja. Mchezo hakuujua kuwa ni mchezo. Siku ya kwanza alipopewa Tabora, alikaa akisubiri iletwe. Alipouliza mbona inachelewa, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana walidhani anatania. Nyati akanuna. Akaapa moyoni kwamba safari nyingine hatapokea mji wa mbali.

Basi kiangazi kikaingia, jua likawa la kupasua mawe, na wanyama wakajaa pangoni.

"Kitendawili," akasema Nyati.

"Tega."

"Kiko kule, hapa hakipo."

Swala akasema ni mwezi, akaambiwa siyo. Kobe akasema ni mlima, akaambiwa siyo. Pimbi akawaza sana, akasema ni jana, naye akaambiwa siyo. Nawaambieni ukweli, Nyati hata jibu hakuwa nalo. Angejibiwa chochote angesema siyo.

Akadai mji. Wakampa Lamu, akakataa. Wakampa Kilwa, akakataa. Akasema yeye anataka Kisimani. Na Kisimani ni pale penye kisima, kisima cha pekee kinachobaki na maji bonde lote likikauka. Wanyama wakacheka. Wakasema wote kwa pamoja, haya bwana, tumekupa Kisimani. Nyati akawaambia jibu ni kiu, akatoka zake.

Asubuhi wakamkuta amejilaza Kisimani, puu, ameziba njia nzima ya majini.

Akaja Swala. Akaomba kupita anywe.

"Mlinipa hamkunipa?" akauliza Nyati.

"Tulikupa."

"Kwa kinywa chenu?"

"Kwa kinywa chetu."

"Basi rudi."

Swala akarudi, tipu, tipu, tipu.

Akaja Kobe. Akaomba kupita anywe.

"Mlinipa hamkunipa?"

"Tulikupa."

"Kwa kinywa chenu?"

"Kwa kinywa chetu."

"Basi rudi."

Kobe akarudi, kwaru, kwaru, kwaru.

Akaja Pimbi na watoto wake watatu. Naye akaulizwa hayo hayo, akajibu hayo hayo, akaambiwa hayo hayo. Akarudi na wanawe nyuma yake, na yule mdogo ulimi ulikuwa nje.

Hapa ndipo mimi hukasirika kila ninaposimulia. Msiniulize kwa nini hawakumpiga. Nyati hapigiki. Lakini kilichowafunga zaidi ni haya. Walikuwa wamesema wenyewe, tena kwa kucheka. Mtu akikunyima maji kwa nguvu zake inauma, ila akikunyima kwa maneno yako mwenyewe unabaki huna hata pa kulalamika.

Wakaanza kulamba umande. Umande ukakoma. Wakatafuna mizizi. Mizizi ikakauka. Watoto wa Pimbi wakaacha kucheza, na Pimbi akaogopa, kwa sababu mtoto wa pimbi akiacha kucheza mamake anajua mwisho wake.

Ili awaliwaze, akachukua udongo mwekundu na majivu meupe, akawachorea kisima ukutani. Akachora matete pembeni. Akachora maji yakimetameta. Alikichora vizuri kuliko picha zote alizopata kuchora. Yule mdogo akasogea, akalamba ukuta. Akalamba tena. Kisha akamgeukia mama yake akalia, na kilio chake hakikuwa na machozi kwa kuwa machozi nayo ni maji.

Pimbi akamkumbatia huku moyo unamuuma kwa alichokifanya. Halafu, kama kawaida yake, akawaza. Hiki nilichochora kila mtu atakiita kisima, nami mwenyewe nakiita kisima, lakini hakinyweki. Na lile neno tulilompa Nyati, nalo kila anayelisikia anakiona kisima. Je, lile linanyweka? Ukilikamua litatoa hata tone? Basi hatukumpa kisima. Tulimpa picha ya kisima iliyochorwa kwa mdomo.

Akainuka akimbie kumweleza Nyati habari hiyo. Halafu akakaa tena. Ukimweleza Nyati, utaeleza mpaka watoto wafe. Afadhali acheze naye mchezo uleule, ila safari hii mbele ya watu wote.

Akazunguka bonde zima akawaalika wanyama. Kisha akaenda kwa Nyati, akamwambia kwa adabu kwamba wenziwe wamekubaliana kuhamishia vitendawili Kisimani, ili wajifunze kwa msomi mkubwa kama yeye. Nyati akatikisa masikio kwa furaha. Akasema waje, ila asiyaguse mtu maji.

Jua likiteremka wakaja wote, wakakaa na makoo yao makavu.

"Kitendawili," akasema Pimbi.

"Tega," wakaitikia, na sauti ya Nyati ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Ana pembe mbili na akili ya kuazima. Kisima hakukichimba, amekilalia. Wote wanamwogopa, na hata mmoja hampendi."

Swala akainama akatazama kwato zake. Kobe akaingiza kichwa ndani, na kutoka kule ndani ya gamba ikasikika kwi, kwi, kwi.

Pimbi akamtaka Nyati ajibu yeye, kwa kuwa ndiye msomi wao.

Nyati alilijua jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi linamwasha. Lakini kulisema ni kujitaja mwenyewe mbele ya kadamnasi. Akasema ni kifaru. Siyo. Akasema ni mbuzi wa watu wa ng'ambo. Siyo. Jasho likaanza kumtoka puani.

"Umeshindwa, Bwana Nyati," akasema Pimbi. "Nipe mji."

Nyati akashusha pumzi, akaona mji ni nafuu. Akampa Tabora. Pimbi akasema haitaki. Akampa Kilwa. Pimbi akasema haitaki. Akampa Lamu. Pimbi akasema Lamu ni mbali, na watoto hawana nguvu ya kutembea.

"Kwani unataka mji gani wewe?"

"Mtegaji ni mimi, na jibu ni lile nitakalolitaja mimi," Pimbi akamjibu taratibu. "Ukinipa mji wa mbali, nitataja jina la mtu tunayemjua wote. Ukinipa Kisimani, jibu litakuwa konokono."

Nyati akawatazama wanyama. Wanyama wakamtazama, mashavu yamewajaa vicheko walivyovibana. Akaona kabisa kwamba jina lile likitajwa, atachekwa kutoka pale mpaka ng'ambo ya mlima, na watoto watalifanya wimbo. Tumbo likamwambia kataa. Sifa zikamwambia kubali. Akakubali.

"Nakupa Kisimani," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

"Jibu ni konokono," akasema Pimbi, na wanyama wote wakasema ahaa, kumbe konokono, kweli ana pembe mbili huyo.

Lakini tumbo la Nyati halikulala. Palepale likampa maneno mengine, na Nyati akasema ule ni mchezo tu bwana, ametoa kwa mdomo, na mdomo hauwezi kuhamisha kisima.

Pimbi alikuwa akiyangoja maneno hayo.

"Umesema kweli, na nimefurahi umeyasema wewe," akamwambia. "Kama mdomo unahamisha kisima, basi umekwisha kunipa, simama. Na kama hauhamishi, basi hata sisi hatukukupa kitu siku ile, simama vilevile."

Nyati akayageuza maneno upande huu, yakamwambia simama. Akayageuza upande ule, yakamwambia simama. Akatafuta upande wa tatu, hakuuona. Na kwa kuwa akiwa amelala mawazo hayakumjia vizuri, akasimama ili awaze.

Alipoinua tu tumbo lake, yule mtoto mdogo wa Pimbi akapenya chini yake, chubwi, majini. Wa pili, chubwi. Wa tatu, chubwi. Swala akapita, tipu, tipu. Ndege wakapita, sungura wakapita, nguchiro wakapita. Kobe akapita, kwaru, kwaru, na aliinama kidogo japokuwa hakukuwa na haja. Nyati alikuwa bado anawaza. Alipokumbuka kulala, bonde zima lilikuwa limeshapita chini ya tumbo lake na liko majini linakunywa.

Pimbi hakunywa mpaka alipoona watoto wake wameanza kurushiana maji na kugombana. Hapo ndipo alipoinama, akanywa, akalia kidogo, akanywa tena. Alipoinua uso akamwona Nyati amesimama ukingoni, kichwa chini, hajui aombe au asiombe. Pimbi akasogea pembeni akampisha. Nyati akanywa kama mnyama mwingine yeyote. Alipomaliza akauliza kama kuna anayeweza kumfundisha mchezo ule unavyochezwa hasa, na Pimbi akamwambia kufundishika kunawezekana, ila aanze kwa kukaa chini na kuitikia.

Hadithi nimeimaliza, na mate yamenikauka. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichukia aiache hapo mlangoni.

Sasa mafunzo, maana najua mwalimu atawauliza. Hadithi hii inatufundisha kwamba mdogo asibishane na mkubwa. Inatufundisha kwamba vitendawili ni kupoteza wakati, kuchora ukutani ni uchafu, na anayewaza sana hafiki popote. Andikeni hivyo hivyo, mtapata alama zote. Mkishaandika, nendeni mkanywe maji.