Kwa Nini Neno Hutafutwa Likiwa Moja

Zamani hizo, watoto wangu, maneno yalikuwa hayajui kukaa kwenye safu. Nchi ya Mlimbwi ilikuwa na nyumba moja ya udongo iliyoitwa Nyumba ya Maneno. Kila neno geni lililoingia nchini, liwe la mganga, la mhunzi au la mpita njia, liliandikwa kwa makaa juu ya kibanzi cha mti pamoja na maana yake, kisha kibanzi kikatupwa humo ndani. Kilikaa pale kilipoangukia, na juu yake kikaja kingine, mpaka rundo likagusa boriti.

Hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu Bi Mashavu, mtunzaji wa nyumba ile, alikuwa na rundo zima kichwani mwake. Ukimtajia neno aliingiza mkono tu, akatoka nalo. Binti yake Zawena alikua akimwona hivyo na hakuwahi kumwuliza anafanyaje. Kisha Bi Mashavu akafa ghafla akiwa anapepeta mtama, na Zawena akakabidhiwa nyumba asiyoijua.

Masika yalipokuwa yakiishia, ugonjwa ukaingia, nao ukachagua watoto. Mtoto alikuwa akicheza vizuri, mara sauti ikamkauka, kisha koo likavimba hata mate yakawa hayapiti. Watu wakauita Homa Bubu. Viwanja vya kuchezea vikanyamaza, na kimya kile kiliwatisha wazazi kuliko kilio. Mama alimwita mwanawe aliye uani na, asipoitikiwa mara moja, alitupa alichoshika akaukimbilia mlango.

Mganga mmoja wa ng'ambo ya milima alikuwa amepita siku ile mtoto wa kwanza alipougua. Alimtazama kooni, akasema, "Huu naujua. Wachemshieni vitongonya, wanywe maji yake. Lakini viwe vitongonya, si majani mengine." Akavuka mto, akaenda zake. Kila aliyemsikia alidhani mwenzake anavijua. Walipokuja kuulizana, wakakuta hakuna hata mmoja, na mto ulikuwa umefurika, mganga hafuatiki tena.

Mzee Ngwali, mkuu wa mji, hakuweza kungoja. Alichuma majani aliyoyafikiri ndiyo, akamchemshia mjukuu wake. Mtoto alikufa kabla jua halijafika utosini.

Hapo watu wote wakageukia Nyumba ya Maneno. Zawena aliingia na bintiye Mwanamvua, akaanza kufukua. Akashika kibanzi cha tezo, akakitupa. Akashika cha mwangwi, cha subira, cha kinu. Akafukua mpaka kucha zikamwuma, kisha akashika tena kile cha tezo. Alijua sasa kwamba angeweza kufukua hivyo mpaka watoto wote waishe.

Mwanamvua alikuwa amekaa kizingitini akiimba polepole wimbo wa kuruka kamba, ule ambao watoto wa Mlimbwi waliimbia herufi, a, be, che, de, mpaka ze. Aliuimba ili asiogope. Zawena akamsikiliza, kisha akatoka mbio akawaita wanawake.

"Leteni vikapu," aliwaambia. "Tuvipange kama watoto wanavyoimba. Neno linaloanza na a liende kikapu cha kwanza, la be kinachofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwanamvua, wewe imba, tusipotee."

Wakafanya kazi, sauti ya mtoto ikiwaongoza. Rundo likashuka, vikapu vikajaa. Walipokaribia kuonana na sakafu, wimbo ukakatika.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" Zawena aliuliza bila kugeuka.

Hakujibiwa. Alipogeuka alimwona Mwanamvua amefumbua kinywa, shingo imemkaza, na hakuna kinachotoka.

Zawena hakulia. Alikiendea kikapu cha ve, akakimwaga chini, akapekua kibanzi kimoja kimoja. Viazi havikuwamo, vita ilikuwamo, vumbi lilikuwamo. Vitongonya havikuwamo. Akapekua upya, na havikuwamo.

"Mama yako hakuliandika," alisema jirani yake, Bi Mkasi, ambaye naye alikuwa na mgonjwa nyumbani. "Twende porini, Zawena. Afadhali tubahatishe."

Mzee Ngwali alikuwa amesimama mlangoni tangu kazi ilipoanza. "Mimi nilibahatisha," alisema.

Ndipo Mwanamvua akamvuta mama yake nguo. Alinyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, akaelekeza kwenye kikapu cha ve. Kisha akavikunja, akabakiza kimoja, akaelekeza mbali kule, kwenye kikapu cha ka. Zawena alidhani anaomba maji, akamletea kata. Mtoto akaisukuma, akarudia vilevile, machozi yakimtoka.

"Vitongonya ni vingi," Zawena alisema taratibu. "Na kikiwa kimoja..."

Akakirukia kikapu cha ka. Kibanzi kilikuwamo, kwa mwandiko wa mama yake: kitongonya, mmea mfupi wa mahali penye unyevunyevu, jani lake lina manyoya upande wa chini, sisi huku twauita sikio la panya. Sikio la panya walikuwa wakiling'oa kila siku kwenye bustani zao na kulitupa. Wakakimbia kulichuma na kulichemsha.

Watoto wengi walipona. Mwanamvua alipona pia, ingawa sauti yake ilibaki na mkwaruzo maisha yake yote. Wengine maji yale yaliwakuta wameshachelewa, na Zawena aliyajua majina yao. Akarudi kwenye vikapu na kuyapanga maneno yote upya. Yaliyokuwa ya wingi akayatafutia umoja wake. Analima, tulilima na watalima akayavua vipande vya mwanzo, yote akayaweka kwa lima.

Na tangu siku hiyo maneno hukaa kwenye kamusi kwa safu ya herufi, nanyi mkitaka miti mtaifuata kwenye mti, na macho mtayafuata kwenye jicho. Ndiyo maana pia mwalimu huwafundisha jambo hili mngali wadogo, asubuhi ya kawaida, hakuna anayeumwa. Watu wa Mlimbwi walijifunza siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa ile.