Amplifaya ya Marehemu Kiyungi

Sogeeni karibu, lakini msiegemeane. Kisa hiki kina ndugu watatu na mashine moja, na mimi kimenishinda. Ndiyo maana nakileta kwenu.

Huko Tabora aliishi Bi Kashindye, mjane wa mpiga gitaa aliyeitwa Kiyungi. Watoto wao watatu kila mmoja alijaliwa chake. Hamdani, mkubwa, alijaliwa mikono: redio iliyokatiwa tamaa na mafundi wengine, yeye aliifufua. Mwasiti, wa kati, alijaliwa masikio: uzi mmoja wa gitaa ukilegea katikati ya dansi, yeye aliusikia. Shamimu, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: angemuuzia kipara kitana, na kipara angerudi kushukuru.

Kiyungi aliacha gitaa, na amplifaya ya zamani ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kama makaa. Amplifaya ilikuwa imekufa. Gitaa lilikuwa zima, na Mwasiti alilitaka kuliko kitu chochote duniani.

"Mashine hii iuzwe," alisema Bi Kashindye. "Na gitaa halikatwi mapande. Atakayefanya kubwa zaidi katika kuiuza, gitaa ni lake."

Hamdani akaanza. Alifungua mgongo wa mashine, akagusisha waya kwenye kapasita ili umeme uliojificha umwagike, maana mashine ya valvu huweza kuua hata ikiwa imechomolewa. Akatoa kapasita zilizovimba, akafunga mpya, akasugua miguu ya valvu kwa spiriti. Alipoiwasha, sauti ikaja, nzito na tamu. Lakini chini yake kulikuwa na mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi.

"Inavuma, kaka," alisema Mwasiti.

"Mvumo kidogo huo. Nani atausikia?"

"Mimi."

"Basi inunue wewe."

"Mpiga gitaa yeyote atausikia. Hivi haiuziki."

Akamwelekeza kwa masikio: si valvu hii, si ile, mvumo unaingia na umeme wenyewe. Hatimaye Hamdani akafungua plagi, akachomoa waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kimya. Mwasiti akapiga, machozi yakamlengalenga. Ila vidoleni alihisi kitu kikitambaa kwenye nyuzi, kama siafu.

"Inanitekenya, kaka."

"Si uko peku! Baba aliipiga lini bila raba? Vaa kandambili."

Akavaa. Siafu wakaondoka. Enzi za baba, katika nyumba ile hakuna aliyeigusa amplifaya peku. Walidhani ni mwiko wa marehemu tu, kama wengine wasivyopiga mluzi ndani ya nyumba. Mwasiti alitaka kuuliza zaidi. Lakini akiuliza, waya ungerudi, na mvumo nao. Hakuuliza.

Ikaja zamu ya Shamimu. Alimleta Mzee Mihayo, kiongozi wa bendi ya harusi kutoka Nzega, mwenye mabuti na mashaka.

"Vitu vya marehemu, binti, havikosi siri."

"Siri ni moja tu, mzee wangu. Ukiiwasha, wazee wanasahau magoti yao."

Mzee akacheka, akapiga, akafumba macho kwa utamu. Kisha akauliza tena, safari hii bila kucheka: "Kweli haina kasoro?"

Shamimu alikuwa amesikia habari ya siafu. Akamtazama dada yake. Mwasiti akatazama gitaa.

"Sikiliza mwenyewe, mzee," Shamimu akasema. "Haivumi hata kidogo."

Pikapu ilipoondoka nayo, ugomvi ukaanza. "Nani aliifufua?" "Ingevuma, nani angeitaka?" "Mbona ilikaa hapo mpaka nilipofungua mdomo?" Bi Kashindye akasema angeamua Jumapili.

Jumapili simu ikamtangulia. Aliyepiga alikuwa mdogo wake Mihayo. Harusi ilipigwa kwenye uwanja uliolowa mvua. Mzee alivua mabuti yaliyojaa matope, akashika gitaa lake, akapeleka midomo kwenye maikrofoni, akaanguka kama aliyepigwa na radi. Yuko hospitali, hajafumbua macho. Watu wanasema kuna mkono wa mtu, na wameshamzingira mpiga ngoma aliyegombana naye. Amplifaya ipo. Leo jioni kuna harusi nyingine, na bendi itaitumia.

Hamdani akasema, "Mimi nilifuata masikio ya Mwasiti." Mwasiti akasema, "Mimi sikugusa waya." Shamimu akasema, "Mimi niliuza nilichopewa."

Bi Kashindye akalilaza gitaa mkekani.

"Juzi kila mmoja alisema bila yeye isingeuzika. Sawa. Mwenye gitaa ndiye aliyeiuza. Na aliyeiuza ndiye atakayepanda basi la Nzega sasa hivi, akae mbele ya mjane wa Mihayo, aseme habari ya waya..." Akajishika mdomo. "Mungu apishe mbali. Mke wake, si mjane."

Mkono wa Mwasiti ulikuwa umeshanyanyuka kuelekea kwenye gitaa. Ukabaki hewani.

"Mama, tukienda wote?"

"Neno kama hilo husemwa na mdomo mmoja. Mkienda watatu, mtasukumiana mpaka mlangoni."

Basi la Nzega linajaa. Mpiga ngoma bado yumo mikononi mwa watu. Ninyi mliosikiliza, msinipe jina moja la kuchukua gitaa na jingine la kupanda basi. Nataka jina moja kwa yote mawili. Je, wewe ungemtaja nani?